Anayechelewa kujibu sio mzito wa kichwa: namna akili inavyosikia na kusema lugha

Hebu leo kaa karibu na watu wawili wanaopiga stori, alafu usijali wanaongea nini, sikiliza tu pale mmoja anapomaliza na mwenzake anapoanza. Hiyo nafasi ya katikati ni ndogo mno, karibu haipo kabisa. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walitoa matokeo ya kupima hiyo nafasi kwenye lugha 10 za sehemu mbalimbali duniani, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano, Kidenishi, mpaka lugha ya jamii moja ya wawindaji wa Namibia, wakachukua maswali ya ndio au hapana kwenye maongezi ya kawaida tu ya watu, na wastani wa mtu kujibu ukatoka kama milisekunde 200, yani moja ya tano ya sekunde. Wadenishi wanakawia kidogo, karibu nusu sekunde, Wajapani ndio usiseme, swali likiisha jibu limeshaanza, ila kila lugha iliyopimwa ilikuwa humo humo.

Sasa weka hiyo namba pembeni, chukua nyingine. Ukimwonyesha mtu picha ya mbuzi na kumwambia ataje ni nini, tangu aione picha mpaka sauti ianze kutoka mdomoni inapita kama milisekunde 600. Hapo ni neno moja, la mnyama anayemjua tangu utotoni. Kwaiyo mtu anayehitaji 600 kuandaa neno moja anajibu vipi swali zima ndani ya 200? Haiwezekani, labda awe ameanza mapema. Na ndivyo ilivyo, wewe ukiwa bado katikati ya sentensi mwenzako alishakisia inaelekea wapi, akaanza kuandaa jibu lake, anachongojea ni kusikia tu kwamba umefika mwisho aingie.

Hapo ndipo panaponifanya niandike. Wengi tunachukulia kwamba kusikia ni kupokea, maneno yanaingia sikioni, ubongo unayafungua, basi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kuelewa lugha ni kukisia, akili inatangulia mbele ya sauti muda wote, na uwezo huo wa kutangulia unatokana na miaka ya kuizoea lugha husika. Na huku kwetu Mbeya, Rungwe, Njombe, Iringa, ambako mtoto anaanza na Kinyakyusa au Kisafwa au Kibena au Kihehe nyumbani, anakutana na Kiswahili cha darasani akiwa na miaka sita saba, alafu akifika kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza, hili jambo ni kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Tuanze na kusikia.

Panda daladala ya kwenda Uyole jioni. Muziki uko juu, injini inanguruma, konda ananing'inia mlangoni, mama mmoja huko nyuma anasema shusha Mwanjelwa, na kilichomfikia konda sikioni ni vipande tu, pengine "sh... nje...wa". Ila yeye amesikia sentensi nzima, na ukimuuliza atakuapia kwamba kila herufi aliisikia. Hajadanganya. Mwaka 1970 Richard Warren kule Marekani alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata kabisa sauti moja katikati ya neno na pale pale akaweka kikohozi, alafu akawasikilizisha watu. Karibu wote wakasema neno liko zima, na hata walipoambiwa kikohozi kimetokea wapi walishindwa kupaonyesha sawasawa. Ubongo ulijaza pengo alafu ukampa mwenye nao kama kitu alichokisikia kwa masikio yake.

Na haijazi kwa masikio peke yake, macho nayo yamo. Harry McGurk na John MacDonald walionyesha mwaka 1976 kwamba ukimwonyesha mtu video ya mdomo unaosema "ga" huku sauti inayotoka ni "ba", watu wengi wanasikia "da", sauti ambayo haikuwepo kwenye mdomo wala kwenye spika. Ukifumba macho unasikia "ba" kama kawaida, ukifumbua inarudi "da". Ndio maana kwenye kelele tunamtazama mtu mdomoni bila hata kujijua.

Kiswahili chenyewe kimejengwa kwa namna inayompa msikilizaji vitu vya kukisia mapema sana. Chukua "hawajaniletea". Ukisikia "hawa" ushajua jambo halikufanyika na wanaohusika ni watu zaidi ya mmoja, "ja" inakuongezea kwamba bado linangojewa, "ni" inasema linanihusu mimi, na hapo kitenzi chenyewe hata hakijatajwa. Neno moja, na msikilizaji ameshavuna karibu stori yote. Au fikiria mezani kuna kikombe, sahani na glasi, mtu anasema "nipe kile ki...", hajamaliza, mkono wako ushaanza kwenda kwenye kikombe maana sahani na glasi zingeitwa ile.

Hili la pili limepimwa, ila kwenye Kihispania ambacho nacho kinagawa majina ya vitu kwenye makundi, japo ni mawili tu. Casey Lew-Williams na Anne Fernald mwaka 2007 waliwaonyesha watoto wa miaka kama mitatu picha mbili, wakafuatilia macho yao. Kale kaneno kadogo kanakotangulia jina kakiwa kanalingana na picha moja tu, macho ya mtoto yaliwahi kwenda kwenye picha sahihi kuliko pale ambapo picha zote mbili zilikuwa za kundi moja. Mtoto wa miaka mitatu! Miaka mitatu baadae hao hao wakapima watu wazima waliojifunza Kihispania ukubwani, na kwa majina ya vitu vya kawaida wale watu wazima hawakuwahi hata kidogo, walingoja jina lenyewe litajwe. Sarufi waliijua, na ungewapa mtihani wa karatasi wangeandika sahihi, ila ile kasi ya kutangulia hawakuwa nayo. Naomba ulishike hilo, nitalirudia nikifika darasani.

Akili ikikisia vibaya je? Inashtuka, na mshtuko unaonekana. Marta Kutas na Steven Hillyard mwaka 1980 waliwafunga watu vifaa vya kupima umeme wa ubongo kichwani, wakawasomesha sentensi neno kwa neno, moja ilikuwa ya mtu aliyepaka mkate wa moto... soksi. Kama milisekunde 400 baada ya lile neno soksi, umeme wa ubongo ulionyesha wimbi ambalo halikuonekana hivyo pale sentensi ilipoisha kama inavyotegemewa. Yani kabla hata hujacheka au kusema "eti soksi?", ubongo ulishapinga.

Na maneno yenye maana mbili? "Wamepanda miti" ni wanakijiji kwenye kampeni ya mazingira au ni watoto wa jirani wako juu ya mparachichi wa watu? Ungedhani akili inasubiri ishara alafu inachagua maana moja. David Swinney mwaka 1979 aligundua kwamba kwa kitambo kidogo sana maana zote mbili zinaamka, hata kama sentensi ilishaonyesha wazi inakusudia ipi, alafu ile isiyotakiwa inazimika haraka na wewe hujui kama iliwahi kuwaka.

Ikishaelewa, akili inatupa maneno na kubaki na maana. Jacqueline Sachs mwaka 1967 alionyesha kwamba baada ya nusu dakika tu ya kuendelea kusikiliza mtu hawezi tena kutofautisha sentensi aliyoisikia na nyingine yenye maana ile ile iliyopangwa tofauti, ila ukimbadilishia maana anagundua. Ukikaa kwenye baraza la usuluhishi la kata ukasikiliza watu wawili wakibishana "ulisema hivi", "sikusema hivyo, nilisema hivi", kumbuka hilo, maana wote wawili wanaweza kuwa wakweli kwa kile wanachokikumbuka.

Sasa kusema. Kusema kunaonekana kwepesi kwasababu hatuoni kazi inayofanyika. Willem Levelt kule Nijmegen, Uholanzi, kwenye kitabu chake cha 1989 alipanga hatua zake hivi: kwanza unakuwa na jambo la kusema, pili unalitafutia maneno na kuyapanga kwa sarufi, tatu unayapa sauti, ndipo misuli ya ulimi na midomo inapewa kazi. Hatua hazisubiriani. Ni kama mama anayechoma chapati asubuhi, moja iko kwenye kikaango, nyingine inasukumwa, na donge la tatu linaviringishwa, mteja anaona chapati zinatoka tu. Unapotamka neno la kwanza la sentensi, la mwisho mara nyingi hata hujalitafuta bado.

Tunajuaje hatua hizi zipo? Kwa makosa. Mtu anayeongea lugha yake anateleza kama mara moja kwenye kila maneno elfu moja, ni kidogo sana, lakini mitelezo yenyewe ina mpangilio. Victoria Fromkin wa Los Angeles alikusanya maelfu ya mitelezo ya Kiingereza na kazi yake ya mwaka 1971 ikawafungua macho wengi. Mtu anataka kusema "weka chai kwenye meza" anatoa "weka meza kwenye chai". Ona kilichohama, jina limebadilishana na jina, halijabadilishana na kitenzi wala na "kwenye". Maana yake kiunzi cha sentensi kilishasimama na nafasi zake, nafasi hii ya jina, ile ya kitenzi, na kilichokosewa ni nani akae wapi. Kama sentensi ingetoka kama kipande kimoja kosa la namna hiyo lisingepatikana.

Au mama anayeita mtoto. "We Atupele... Tumpe... aah, Lusajo njoo hapa!" Watoto wanacheka mama anazeeka. Kuna utafiti wa mwaka 2016 wa Samantha Deffler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke uliochunguza hasa jambo hili, na majina yanayoingiliana ni ya watu walio kundi moja moyoni mwa anayeita, watoto na watoto, ndugu na ndugu, na hata mbwa wa nyumbani anaingia humo. Mama alipotafuta jina akili iliwasha kundi zima la anaowapenda, na mmoja akawahi mdomoni. Uzee hauhusiki sana hapo, hata wanafunzi wa chuo wanafanya hivyo.

Kuna na lile la jina liko mdomoni halitoki. Roger Brown na David McNeill walilichunguza mwaka 1966 wakakuta mtu anakuwa na vipande vya neno, herufi ya kwanza, idadi ya silabi, ila neno lenyewe hapana. Gabriella Vigliocco na wenzake mwaka 1997 wakaonyesha kwamba Waitaliano waliokwama hivyo waliweza kutaja neno liko kundi gani la sarufi, la kiume au la kike, zaidi ya kubahatisha. Na sisi? Sikiliza fundi akiwa chini ya gari pale SIDO, mikono ina oili, anamwambia kijana wake "hebu nipe hicho kinanihii... hapana, huo mnanihii mrefu". Jina la kifaa halijaja, ila ki- na m- zimekaa mahali pake. Maana na sarufi zimeshafika, sauti ndio imechelewa njiani. Kwangu mimi hakuna maabara inayoonyesha hatua za Levelt vizuri kama hapo.

Na hizo "eee", "nanihii", "yani" tunazowakataza watoto kwenye midahalo, msikilizaji anazitumia. Jennifer Arnold na wenzake mwaka 2004 walionyesha kwamba mtu akisikia mwenzake anasita, macho yake yanakimbilia kitu ambacho bado hakijatajwa, maana kitu kipya ndicho kinachosumbua kukitaja. Kusita ni taarifa.

Twende sasa kwenye jambo linaloniuma zaidi, lugha zaidi ya moja kichwa kimoja.

Watu wa mikoa hii tunachekwa sana kwa r na l. Lugha nyingi za huku hazitenganishi hizo sauti mbili kama Kiswahili kinavyotenganisha, kwaiyo mtu anasema "kalibu" au anaandika "kurara" na anaonekana hakusoma. Sasa sikia. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees kule Kanada walionyesha kwamba watoto wachanga waliozaliwa kwenye nyumba za Kiingereza wanatofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazisikii kabisa, ila ikifika miezi 10 mpaka 12 uwezo huo umeshuka. Patricia Kuhl na wenzake mwaka 2006 wakapima r na l zenyewe. Watoto wa Kijapani na wa Kimarekani wakiwa na miezi 6 mpaka 8 walikuwa sawa sawa, walipofika miezi 10 mpaka 12 wa Kimarekani wamepanda na wa Kijapani wameshuka. Hakuna uvivu hapo. Sikio lilikuwa linajipanga kulingana na lugha inayosikika nyumbani, linaacha tofauti ambazo hazina kazi ili liwahi zile zenye kazi, na hilo ndilo linalotufanya tuwe na kasi kwenye lugha yetu. Mtu mzima bado anaweza kufundishika, Wajapani waliofanyishwa mazoezi ya r na l miaka ya 1990 waliendelea vizuri, na kilichosaidia ni kusikia maneno mengi kwa sauti za watu tofauti tofauti pamoja na kuambiwa papo hapo kama umepata au umekosa. Kumcheka mtu hakumo kwenye mazoezi hayo.

Jambo la pili, lugha haizimwi. Unadhani ukiongea Kiswahili Kinyakyusa chako kimelala, hapana. Viorica Marian na Michael Spivey mwaka 1999 waliwaweka Warusi wanaojua Kiingereza mbele ya vitu mezani, wakawaambia kwa Kirusi wanyanyue stempu, ambayo kwa Kirusi jina lake linaanza kama neno la Kiingereza la kalamu ya wino mzito, na macho yao yakawa yanachungulia kwenye ile kalamu. Lugha ambayo haikuombwa ilikuwa macho. Mtu wa Tunduma anayeongea Kinyamwanga na jirani, Kiswahili na dereva wa lori, na Kiingereza na mteja wa upande wa Zambia, kazi yake ya kila dakika ni kutafuta maneno ya lugha moja huku akizuia yale ya lugha nyingine mbili. Renata Meuter na Alan Allport nao mwaka 1999 walikuta kitu cha ajabu, kuhama kutoka lugha dhaifu kurudi kwenye lugha yako yenye nguvu ndiko kunakochelewesha zaidi kuliko kwenda upande mwingine, na maelezo yao ni kwamba ili uongee lugha dhaifu lazima uikandamize ile yenye nguvu sana, na ukiirudia inachukua muda kuamka.

Nipite haraka hapa kwenye kiharusi, maana kuna familia zinalihitaji. Mwaka 1861 Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa ambaye karibu neno pekee aliloweza kutamka lilikuwa "tan", huku maneno aliyoambiwa akiyaelewa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1874 Carl Wernicke akaeleza wagonjwa wa upande wa pili, wanaongea kwa mtiririko ila maneno hayaeleweki na wenyewe hawaelewi vizuri wanachoambiwa. Kwaiyo mzee aliyepooza akakosa maneno msiongee mbele yake kana kwamba hayupo, anaweza kuwa anasikia na kuelewa mengi. Na kama alikuwa na lugha mbili, jaribuni zote, maana inatokea lugha moja ikarudi kabla ya nyingine.

Haya, darasani. Kidato cha kwanza, Tukuyu, mwezi wa tatu, na mvua ya Tukuyu mnaijua. Darasa limeezekwa bati bila dari. Mwalimu anafundisha baiolojia kwa Kiingereza, mvua inashuka, anapandisha sauti. Kwa mwalimu mwenyewe sentensi ni nzima, anaijua, ubongo wake unajaza kila pengo. Kwa mtoto aliyeanza kusikia Kiingereza cha masomo miezi miwili iliyopita yale mapengo yanabaki mapengo, hana cha kuyajazia, kama wale watu wazima wa Kihispania waliongoja jina lenyewe litajwe. Lynn Mayo na wenzake mwaka 1997 walipima kitu hicho, wakakuta watu waliojifunza Kiingereza ukubwani wanazidiwa mbali na wazawa wakiwekewa kelele, na waliokijua tangu wachanga wanastahimili zaidi. Na ili akipate kile kidogo alichosikia, mtoto anahitaji kukishika kwenye kumbukumbu ya muda mfupi, akigeuze, pengine akipitishe kwenye Kiswahili, akatafute jibu, jibu lije kwa Kiswahili, alizuie, alitafutie Kiingereza, alipange, alitamke, huku anaogopa kuchekwa kwa r yake.

Mwalimu ameuliza. Kimya. "We hapo! Husikii?" Swali limehamia kwa mwingine.

Mary Budd Rowe, mwalimu na mtafiti wa Kimarekani, alirekodi masomo mengi ya sayansi na kupima mwalimu anasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Alikuta kwa kawaida ni kama sekunde moja, na wale walimu walikuwa wanafundisha kwa lugha ambayo watoto wengi wamezaliwa nayo. Akawafundisha walimu kusubiri sekunde tatu au zaidi, kote kuwili, baada ya swali na baada ya jibu. Majibu yakawa marefu zaidi, "sijui" zikapungua, watoto wakaanza kuulizana na kutoa sababu, na wakaanza kujibu hata wale ambao walimu walishawaweka kwenye kundi la wasioweza. Kazi yake kubwa juu ya hili ilitoka mwaka 1974, na haihitaji bajeti wala projekta. Kwa mtoto wetu wa lugha tatu hata hizo tatu naona ni chache, mimi ningempa tano, na siku ya mvua swali ningeliandika ubaoni kwanza, alafu ningemruhusu alijadili na jirani yake kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa kama ndicho kinachowahi, kabla sijamnyooshea kidole.